Nahodha wa Kipini na kamba iliyokosa mikono

Baharini nje ya Kipini kuna mahali maji yanabadilika rangi. Nyuma ya boti ni maji ya Mto Tana, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba udongo wa kutoka Bura na Garsen. Mbele ni buluu tupu. Athmani Shee anavuka hapo, anapunguza mwendo wa injini na kumtupia jicho msaidizi wake, Masha. Masha hahitaji kuambiwa. Anaanza kuteremsha mishipi nyuma ya boti, mmoja baada ya mwingine, chambo kikirukaruka juu ya povu.

Huku ndiko kurambaza, uvuvi wa kukokota chambo huku boti inatembea, na wageni hulipa ili washike fimbo ya kuvulia wenyewe. Leo wageni ni ndugu wawili kutoka Eldoret ambao tangu watoke mtoni wanabishana nani atangulie. Kwenye kivuli amekaa mtu mwingine ambaye hashiki fimbo wala habishani. Ni Mansur, mwenye boti. Amekuja kutoka Malindi kuamua jambo, na Athmani na Masha wanajua ni jambo gani.

Jua limeshapanda pale fimbo ya kulia inapopinda na rili, gurudumu la kukunjia mshipi, kuanza kulia. Mbali nyuma, samaki mwenye pezi pana la mgongoni anaruka, anajibwaga majini, anaruka tena. Ni sulisuli. Ndugu mkubwa ndiye aliyewahi kiti cha kuvulia, na sasa anajuta kidogo, maana mshipi unazidi kumkimbia. Athmani anairudisha boti nyuma polepole, macho yake kwenye mshipi.

Samaki anapofika ubavuni, Masha anavaa glavu na kumshika ule mdomo mrefu. Picha inapigwa. Kisha anamdunga chini ya pezi kijirija cha plastiki chenye nambari, wenyewe wanakiita tagi, na kukata mshipi karibu na ndoana. Lakini hamwachi bado. Athmani anasogeza boti mbele taratibu ili maji yapite kwenye mashavu ya samaki, mpaka rangi imrudie, mpaka mkia uanze kusukuma wenyewe. Hapo Masha anafungua mkono.

"Nenda baba," anasema Athmani, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kisha anapandisha bendera. Ni kitambaa cha buluu chenye picha ya sulisuli, naye anakifunga kichwa chini. Ndiyo desturi ya boti hizi. Samaki aliyeletwa pwani, bendera yake husimama wima. Aliyeachiliwa, bendera yake hupinduliwa. Wageni huiona ni pambo tu. Kipini, hata mtoto wa chekechea anaisoma. Ikionekana picha ya sulisuli imeinamisha pua, watu wanajua kitoweo cha jioni hiyo ni kunde.

Bendera hiyo ndiyo iliyomletea Athmani taabu.

Athmani ana miaka arobaini na minne na ni mzaliwa wa hapahapa. Bahari alifundishwa na mjomba wake kwenye mashua ya jarife, wavu wa papa. Ujanani alikwenda Malindi, akaosha boti za wageni, akapanda akawa msaidizi, akapanda tena akawa nahodha. Mke wake, Afrah, alibaki Kipini. Ni mtoto wa pekee kwa mama yake, na suala la kuhama halikuwahi hata kutajwa. Kwa hiyo Athmani alikuwa akija nyumbani Idi hadi Idi.

"Binti yangu wa kwanza alianza kutembea sipo, akang'oka jino sipo," anasimulia. "Nikifika anajificha nyuma ya mlango. Anasema, mgeni amekuja. Maneno hayo mtoto wako akikwambia, chakula hakishuki."

Ndiyo maana Mansur alipofungua kambi ndogo ya wageni Kipini na kuleta boti moja, Athmani aliacha kila kitu akarudi. Hana mshahara wa mwezi, hulipwa kwa safari. Miezi ya kusi, upepo mkali wa kusini, boti haitoki kabisa, naye huvuka kwenda Ozi kulima mpunga. Hakuona shida. Kila jioni alilala kwake, na yule binti, sasa mkubwa, ndiye aliyekuwa akimfungulia mlango.

Shida ilikuwa kwenye kamba.

Kuingia mtoni pale Kipini lazima uvuke fungu la mchanga. Maji yakijaa, boti hupita bila habari. Yakipwa, hukwama, na hapo baharia hurusha kamba, watu wa pwani huingia majini hadi magotini na kuivuta. Na aliyetia mkono kwenye kamba haondoki mikono mitupu. Desturi hiyo hakuna aliyeitangaza. Kabla mchuuzi hajaweka samaki kwenye mizani, mmoja hukatwa, na kila mkono uliovuta hupata kipande. Wanakiita kitoweo cha kamba.

Mtu wa nje anaweza kudhani ni bahashishi. Sivyo. Kipini kuna wajane, kuna wazee walioacha bahari, kuna watu wazima wenye heshima zao ambao siku hiyo wameamka jikoni hamna kitu. Watu hao hawaendi kuomba. Wanakwenda kushika kamba, na wakirudi na kipande cha nguru hakuna wa kuwauliza wamekipata wapi.

Msimu wa kwanza waliivuta boti ya Mansur kwa moyo mmoja. Wakachungulia ndani, wakakuta bendera nne kichwa chini na sanduku la barafu lililofungwa. Mle sandukuni mlikuwa na jodari na nguru, ila walikuwa wa jikoni kwa wageni. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu minong'ono ikaanza kwamba Athmani anauza samaki hukohuko baharini.

Mansur, mfanyabiashara, aliposikia watu wamenuna alifanya lile ambalo mfanyabiashara angefanya. Alituma noti, kila mkono upate chake. Akili yake ilimwambia amemaliza kazi. Watu walizitazama zile noti, wakatazamana, wakaiacha kamba ikielea majini na kurudi majumbani. Kibarua hulipwa, na wao hawakuwa wameomba kibarua. Tangu siku hiyo, boti hiyo ikikwama hakuna aliyenyanyuka.

Aliyesema kwa niaba ya wote alikuwa Bi Nana, mkaanga samaki wa pale bandarini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Kwa bahati mbaya ya Athmani, Bi Nana ndiye mama yake Afrah.

"Rizki imekuja mpaka mkononi mwako," alimwambia mkwewe mbele za watu. "Unaipiga picha. Unaivisha herini. Halafu unaitupa. Mimi umri wangu huu sijapata kuona."

Pwani ikaangua kicheko kwa hiyo herini, na jioni hiyohiyo Athmani akabatizwa jina, Athmani Achilia. Vijana walimwitia hilo barazani. Wakubwa hawakulisema mbele yake, ila walitabasamu walipolisikia. Mkwe hajibizani na mkwe. Athmani alianza kupitia njia ya nyuma ya misikiti ili asikutane na Bi Nana, na salamu alizituma kwa Afrah.

Mara moja tu alijaribu kumweleza, tena kwa adabu, akiwa amesimama nje ya kizingiti. Alimwambia mgeni anakuja Kipini kwa sababu sulisuli wapo, na wakimalizwa hatakuja tena. Bi Nana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, na sisi tunaokula hapa, tumekuja kwa sababu gani? Athmani mpaka leo anaona lilikuwa swali la haki.

Hasara ikaanza kuonekana. Boti ilikuwa ikikaa juu ya fungu mpaka maji yajae tena, wageni wakiungua jua huku kijiji chote kinawaona. Wengine walikosa gari lao la Garsen. Wengine waliandika malalamiko. Mansur alivumilia, kisha akatoa kauli: msimu ukiisha na hali ikiwa hivi, boti inarudi Malindi. Athmani angeweza kuifuata, au kubaki na jembe Ozi.

"Sikulala," anasema. "Nilikuwa nikimtazama binti yangu anafanya kazi za shule, nikawaza, nitakuwa mgeni tena."

Mambo yalikuwa hapo mwezi wa pili, siku alipokuja mwanamke mmoja wa Nairobi aitwaye Winfred, mfanyakazi wa bima, ambaye hajawahi kushika hata mshipi wa mkono. Alikuwa ameketi akimenya chungwa pale fimbo ilipokaribia kung'oka kwenye tundu lake. Kilichoruka kule nyuma hakikuwa sulisuli. Alikuwa nduaro, samaki mwenye mwili wa gogo, mzito kuliko Athmani na Masha ukiwaunganisha.

Winfred alipigana naye tangu asubuhi mpaka jua likapinduka. Masha, mzaliwa wa Tarasaa na mtu wa maneno machache, anasema hajaona mwanamke mkaidi namna ile. Akimwagiwa maji kichwani anaendelea, akiambiwa apumzike anakataa. Kisha ghafla mshipi ukawa mzito tu, bila uhai. Athmani alijua palepale kilichotokea.

Samaki alikuwa amejizungushia mshipi mkiani. Sasa alikuwa akivutwa kinyumenyume, na nduaro akivutwa hivyo maji hayapiti mashavuni, hukosa pumzi. Alipofika juu alikuwa amelala ubavu, rangi imemtoka. Athmani alimkabidhi Masha usukani, akashika mdomo wa samaki mwenyewe, wakamtembeza mbele taratibu. Walimtembeza muda mrefu. Masha alimwonya mara mbili kwamba maji yanakupwa na fungu litawakamata. Athmani hakugeuka.

"Captain, huyu amekufa ama amelala tu?" Winfred aliuliza mwishowe.

"Amekufa, dada."

Winfred akalia. Athmani naye, kwa maelezo ya Masha, macho yalikuwa mekundu, na chumvi ya bahari haikuhusika. Walimfunga samaki ubavuni mwa boti wakaanza kurudi. Bendera ya nduaro ikapandishwa wima, kwa mara ya kwanza tangu boti hiyo ifike Kipini. Walipofika, maji yalishakwenda. Boti ikapanda mchanga ikatulia.

Pwani waliiona bendera kabla hawajamwona samaki. Kisha wakamwona samaki. Masha hakupata hata nafasi ya kurusha kamba. Walikuja kuichukua mkononi mwake. Walikuja wanaume, wakaja wanawake wamekunja leso, wakaja wazee ambao magoti hayawaruhusu. Athmani akiwa bado juu ya fungu alimpigia Mansur simu. Hakumwomba ruhusa. Alimwambia nduaro huyu atakatwa hapahapa, kitoweo cha kamba, na kama kuna neno watalizungumza kesho.

Alimkata mwenyewe. Kila mkono ulipata, na wengi walipata cha kugawia majirani. Mafuta yalichemka Kipini nzima. Bi Nana, kisu mkononi, aliwatangazia waliosikia na wasiotaka kusikia kwamba huyo ni mkwe wake, yeye ndiye aliyemwoza binti. Jina la Achilia lilikufa siku hiyo. Winfred alishikwa mikono na wanawake asiowajua, akapewa kipande kilichokaangwa, akala huku bado anafuta machozi.

Nyumbani kwa Athmani nyama hiyo haikuingia. Afrah alikula kwa mama yake.

"Siku ile ndiyo niliyoshindwa kazi," anasema Athmani. "Kazi yangu ni arudi akiwa hai. Amenifia mkononi. Na ndiyo siku mji mzima uliponiita mwanamume."

Alfajiri iliyofuata mlango wake wa mbele uligongwa. Alikuwa Bi Nana, ambaye hajakanyaga kizingiti hicho msimu mzima. Athmani alimwamkia, akamkaribisha, akasubiri. Mama huyo alifungua pindo la leso. Wakati wa kupara kipande cha karibu na pezi, kisu kilikuwa kimegonga kitu kigumu. Kilikuwa kijirija kilichoota mwani, kijani kama shaba ya zamani. Alikuwa amekisugua kwa majivu mpaka nambari zikaonekana.

"Hii si herini yako?" alimuuliza.

Haikuwa yake. Nambari zake Athmani anazijua, na hii haikuwa ya boti yao wala ya boti yoyote ya pande hizi. Upande aliokuwa amemshika samaki haukuwa huo, na kwa hali aliyokuwa nayo siku ile asingeona hata nyumba. Alizipiga picha nambari hizo akazituma kwa watu wanaohifadhi kumbukumbu za tagi.

Jibu lilichelewa, akadhani limepotea. Lilipokuja lilikuwa fupi. Samaki huyo alikuwa amevuliwa na kuachiliwa upande wa Pemba miaka mitatu na zaidi iliyopita, akiwa mdogo, hajafika hata nusu ya uzito aliokufa nao. Jina la nahodha halikuandikwa.

Athmani alikwenda bandarini kumweleza mkwewe, akamkuta mbele ya karai. Bi Nana aligeuza samaki wake upande wa pili kabla ya kusema neno. Aliuliza kama huko Pemba nako watu wanavuta kamba. Athmani akasema hajui, ila hawakosi watu wanaongoja pwani. Akauliza kama huyo nahodha ana mke. Athmani akasema huenda.

"Basi na mke ana mama," alisema Bi Nana. "Kumbe kuna mama huko Pemba alikosa kitoweo siku ile, akamsema mkwewe. Halafu samaki nikaja kumkaanga mimi."

Kwa maneno hayo Athmani alipata ujasiri wa kumpigia Mansur na kumwekea wazo lake: kila safari, jodari au nguru wa kwanza akatwe kwenye kamba kabla sanduku la barafu halijafungwa. Sulisuli na nduaro waendelee kuachiliwa. Mansur alijibu kwamba wazo ni zuri, lakini nduaro wa kilo zile humvutia hata mtu mvivu. Angekuja mwenyewe kuona kama mikono itakuja siku ambayo hamna nduaro.

Siku yenyewe ndiyo leo. Ndugu wa Eldoret wameshika sulisuli wawili, kila mmoja wake, na wamepatana. Jodari hawajaonekana. Masha amebadilisha chambo mara kadhaa, Athmani amezunguka mpaka pale anapopaamini, hola. Sanduku la barafu lina barafu. Maji yanakupwa, na boti inageuza kurudi ikiwa na bendera mbili, zote kichwa chini.

Athmani anapovuka pale maji yanapogeuka rangi, anajifuta jasho usoni kwa mkono wa shati. Fungu linaikamata boti palepale linapoikamata siku zote. Injini zinazimwa. Masha anarusha kamba, inaanguka majini, na mkondo unaanza kuilaza upande.

Pwani watu wapo. Wamekaa kwenye vivuli vya kuta, wamezisoma bendera, wametulia. Mansur anaitazama kamba, kisha anaitazama saa yake, na Athmani anaona vyote viwili.

Bi Nana anaepua karai motoni. Anafunga leso vizuri, anaingia majini na viatu vyake vya plastiki. Mzee mmoja anamuuliza kutoka kivulini anakwenda wapi, mbona humo hamna kitu. Anajibu kwamba ana macho, bendera amezisoma. Sasa unavuta nini, mzee anataka kujua.

"Navuta kamba ya yule mama wa Pemba," anasema, na kuiokota kamba.

Peke yake haifiki popote, na anajua. Anavuta hivyohivyo. Yule mzee anaguna, anasema maneno fulani kuhusu wanawake wa ukoo huo, anakunja kikoi anamfuata. Kisha anakuja mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kisha vijana waliokuwa barazani, wakicheka kwa aibu. Boti inatikisika. Mansur anavua viatu, anakunja suruali yake ya Malindi, anaruka majini na kushika kamba nyuma kabisa. Ndugu wa Eldoret nao wanaruka. Athmani anabaki kwenye usukani, na anapouinua mkono safari hii si jasho analofuta.

Boti inaingia mtoni.

Hamna cha kukata. Waliovuta wanajua, na hakuna anayechungulia ndani. Wanaanza kutawanyika huku wakikamua nguo. Bi Nana amerudi kwenye karai, moto umechochewa, na wale samaki wake wadogo wa kuuza anawagawa, kipande kwa kila mkono, mpaka anapomfikia Mansur, ambaye maji yanamchuruzika magotini. Mansur anapokea kipande kwenye karatasi na, kwa mazoea, anatia mkono mfukoni.

Bi Nana anautazama ule mkono mpaka unatoka mfukoni mtupu.

"Umevuta," anamwambia. "Kula."

Athmani amezifungua bendera zake mbili na anazikunja taratibu. Msimu ujao ukifunguka mwezi wa nane, anasema, jodari wa kwanza atakatwa hapahapa kabla hajaiona barafu, na binti yake atamfungulia mlango jioni hiyo kama kawaida. Anamgeukia mwenye boti kuona kama amesikia. Mansur, mdomo umejaa samaki, anaitikia kwa kichwa.